Hati ya Shule Isiseme Uongo



Tuseme unapeleka mahindi kwenye mizani ya chama cha ushirika. Jirani yako amepakia gunia lake kwenye mkokoteni wa punda. Wewe huna punda. Umebeba lako kichwani. Mkifika, mizani ni ile ile. Gunia la kilo 90 ni kilo 90 tu. Hakuna karani atakayesema, "Hili limekuja na punda, kwa hiyo kilo zake si kilo."

Sasa tuseme karani ana mizani mbili. Moja ni ya kweli. Ya pili ni ya watu anaowahurumia. Anakuona umechoka, anakupima kwenye ile ya pili. Anakuandikia kilo 90. Unakwenda nyumbani na furaha. Siku ya malipo unaonyesha karatasi yako, unaambiwa, "Karatasi hii hatuipokei hapa."

Je, karani huyo alikusaidia, au alikudhulumu?

Nimeanza na mizani kwa sababu nataka tuzungumze juu ya hati ya kumaliza shule, na juu ya vijana wenye ulemavu. Nitachukua mfano wa Marekani. Huko jambo hili limebishaniwa kwa miaka mingi, mashuleni, mabungeni na mahakamani. Wamekosea mara nyingi, na wamejirekebisha mara nyingi. Mwenye akili hujifunza hata kwa makosa ya mbali.

Kwanza tuelewane juu ya hati yenyewe. Huko Marekani watoto husoma madarasa 12. Madarasa manne ya mwisho, la 9 hadi la 12, ndiyo sekondari ya juu. Anayetimiza masharti hupewa hati inayoitwa diploma. Usiichanganye na diploma ya chuo tuliyoizoea sisi. Hii yao ni hati ya kumaliza sekondari. Lakini anayeikosa hupata taabu. Waajiri wengi huiuliza. Vyuo huiuliza. Jeshi huiuliza.

Masharti ya kuipata hayapangwi na serikali kuu ya Washington. Kila jimbo lina yake. Kwa kawaida somo ulilolisoma mwaka mzima na kulishinda huhesabiwa fungu moja. Katika njia ya kawaida jimbo la Florida, kwa mfano, hudai mafungu 24. Kati ya hayo, manne ni ya Kiingereza na manne ni ya hisabati. Majimbo mengine huongeza mtihani wa mwisho juu ya mafungu hayo.

Sasa, wanafunzi wa elimu maalumu ni akina nani? Mtu akisikia maneno hayo huwaza mtoto asiyeweza kusema wala kujilisha. Watoto hao wapo. Lakini si wao walio wengi. Katika mwaka wa masomo 2022-23, watoto na vijana wapatao milioni 7.5 walipata elimu maalumu huko Marekani. Hao ni kama 15 katika kila wanafunzi 100 wa shule za serikali. Kundi kubwa kuliko yote, karibu theluthi moja, ni wale ambao kusoma, kuandika au kuhesabu kunawashinda, ingawa akili yao ni kama ya wenzao. Herufi zinawachanganya. Wengine ni viziwi, wengine hawaoni, wengine wana ugonjwa wa muda mrefu. Wenye ulemavu wa akili ni kama sita katika kila 100 ya hao wa elimu maalumu.

Wewe uliyejifunza kusoma ukubwani huna haja ya kuelezwa sana. Ulikuwa unajua hesabu ya ng'ombe wako kabla hujajua kuandika tarakimu. Kutojua kusoma hakukuwa kukosa akili.

Zamani watoto wengi wa namna hii walibaki nyumbani. Bunge la Marekani lilikiri jambo hilo kwa maandishi. Lilisema kwamba watoto wenye ulemavu walikuwa zaidi ya milioni 8, kwamba zaidi ya nusu yao hawakupata elimu ya kuwafaa, na kwamba milioni moja walifungiwa nje ya shule za serikali kabisa. Nchi tajiri, tena iliyokwisha kupeleka watu mwezini! Ndipo ilipotungwa sheria ya kuwapa watoto hao wote elimu ya bure. Rais Gerald Ford aliitia sahihi tarehe 29 Novemba 1975.

Sheria hiyo imebadilishwa mara kadhaa, na tangu 1990 ina jina jingine, lakini kiini chake ni kile kile. Kila mtoto wa elimu maalumu huandikiwa mpango wake peke yake. Walimu na wazazi huketi pamoja. Huandika mtoto anajua nini leo, afundishwe nini mwaka huu, na asaidiwe vipi. Mpango huangaliwa tena kila mwaka. Mtoto akifika umri wa miaka 16, lazima useme pia kijana huyu anaandaliwa kwenda wapi baada ya shule.

Kwa hiyo sheria ilifungua mlango wa kuingilia. Lakini mtoto akimaliza, atoke na karatasi gani? Hapo sheria ilinyamaza, ikawaachia majimbo. Na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Katika miaka ya 1970 watu wengi huko Marekani walilalamika kwamba shule zinatoa diploma kwa vijana wasiojua kusoma. Majimbo na wilaya zikaanza kuweka mitihani. Ukishindwa, hupati diploma, hata kama umesoma miaka yote 12. Katika mji wa Peoria, jimbo la Illinois, uamuzi wa namna hiyo ulifanywa mwaka 1978. Wanafunzi kadhaa wa elimu maalumu walifanya mtihani, wakashindwa, wakanyimwa diploma. Wakaenda mahakamani.

Mahakama ya rufani ilitoa hukumu mwaka 1983. Ilisema shule ina haki ya kudai mtihani ule ule kwa wote. Ilisema pia kwamba shule hailazimiki kupunguza mtihani mpaka uwe kitu kingine. Mpaka hapo wenye shule walishinda. Lakini mahakama ikaendelea. Wanafunzi hawa walipewa taarifa mwaka mmoja na nusu tu kabla ya kumaliza. Miaka yote ya nyuma mipango yao haikuwa na mambo mengi yaliyoulizwa katika mtihani huo. Hawakufundishwa. Basi si haki kuwanyima hati kwa sababu ya mambo ambayo shule yenyewe haikuwafundisha. Ikaamriwa wapewe diploma zao.

Mimi naiona hukumu hiyo kuwa ya busara ya mkulima. Huwezi kumdai mtu mahindi katika shamba ulilomkataza kulima.

Tena ndani ya hukumu hiyo imo tofauti moja ambayo watu wengi huivuruga, hata walimu. Kumsaidia mwanafunzi afike kwenye mtihani ni jambo moja. Kumbadilishia mtihani ni jambo jingine. Asiyeona akipewa karatasi ya nukta nundu, hajapunguziwa kitu. Kiziwi akiwekewa mkalimani wa lugha ya alama ili aelewe maagizo, hajapunguziwa kitu. Anayesoma polepole akiongezewa muda katika mtihani wa hisabati, hesabu ni zile zile. Hata Baraza la Mitihani la Tanzania huwaongezea muda watahiniwa wasioona, wala hatusemi cheti chao ni cha huruma. Huyo ni punda na mkokoteni tu. Mizani haikuguswa.

Lakini kama wenzake wanafundishwa aljebra, na yeye anafundishwa kuhesabu chenji ya dukani, hapo yaliyomo yamebadilika. Kuhesabu chenji ni kazi njema, na pengine ndiyo inayomfaa zaidi. Ila si aljebra. Hati ikisema amesoma aljebra, hati inasema uongo.

Jimbo la New York lilikuwa na hati ya namna hiyo kwa miaka mingi. Wanafunzi wa elimu maalumu waliotimiza mpango wao, lakini hawakutimiza masharti ya kawaida, walipewa karatasi iliyokuwa na neno diploma. Mzazi akiisoma alifurahi. Kijana akiipeleka chuoni au jeshini, haikukubaliwa kuwa diploma. Ile ndiyo mizani ya pili niliyoisema mwanzoni. Mwaka 2013 New York waliiacha. Mahali pake wakaweka vyeti vingine vinavyosema wazi kijana ameweza nini, hasa katika kujiandaa kwa kazi, bila kujiita diploma. Wazazi wengine walihuzunika kuona neno hilo limeondoka. Nawaelewa. Lakini afadhali huzuni ya siku moja kuliko kijana kuzungushwa miaka mitano na karatasi isiyopokelewa.

Sisi tulilifahamu jambo hili mapema. Mwaka ule ule wa 1975 Tanzania ilifanya mtihani wa kwanza wa taifa wa kisomo cha watu wazima. Kulikuwa na hatua nne. Aliyefika hatua ya tatu alihesabiwa wa hatua ya tatu. Hakuambiwa amefika ya nne ili afurahi, wala hakuambiwa hajui kitu. Akarudi darasani kutafuta ya nne.

Turudi Marekani. Jimbo la California nalo liliweka mtihani wa mwisho, ukawa sharti kwa waliomaliza mwaka 2006. Wanafunzi wenye ulemavu walishtaki, na baada ya miaka michache wakaruhusiwa kupata diploma bila kuushinda, mradi watimize masharti mengine. Mwaka 2015 mtihani huo ulisimamishwa kwa wote, kisha ukafutwa kabisa. Novemba 2024 wapiga kura wa Massachusetts nao waliamua kwamba mtihani wa jimbo lao usiwe tena sharti la diploma.

Wengi walishangilia. Mimi nilishangilia nusu. Mtihani mmoja ni kipimo kibaya cha miaka 12 ya mtu, hasa mtu ambaye mkono wake au macho yake hayamtii. Lakini kufuta mtihani hakumfundishi mtoto kusoma. Shule iliyokuwa ikimweka mtoto nyuma ya darasa na penseli za rangi inaweza kuendelea hivyo hivyo, na sasa hakuna hata mtihani wa kuiumbua.

Jambo linalonisumbua zaidi halitokei mwisho wa shule. Linatokea mwanzoni, na mara nyingi mzazi halioni likipita.

Sheria ya Marekani ya mwaka 2015 inaruhusu watoto wenye ulemavu mzito zaidi wa akili wapimwe kwa mtihani wao tofauti. Imewekwa kikomo. Katika jimbo, wanaofanya mtihani huo wasizidi mmoja katika kila wanafunzi 100 wanaopimwa. Kikomo hicho ni kizuri, maana bila hicho shule zingewatupa huko watoto wengi ili wastani wao uonekane mzuri. Sheria hiyo inayaruhusu majimbo kuwapa watoto hao diploma ya namna nyingine, iliyofungamana na masomo yao. Pia inaamuru kwamba mzazi aelezwe wazi: njia hii inaweza kumchelewesha mtoto wako, au kumzuia, kupata diploma ya kawaida.

Sasa fikiria. Mitihani hiyo huanza darasa la tatu. Mtoto ana miaka minane au tisa. Mzazi ameitwa shuleni. Mezani kuna watu sita, wote wamesoma kuliko yeye. Kuna karatasi nyingi, zenye maneno magumu. Wanamwambia, "Mtihani huu ni mwepesi kwake, hatalia tena." Mzazi anampenda mwanawe. Hataki alie. Anatia sahihi. Tangu siku hiyo mtoto anafundishwa yale ya njia ile. Miaka kumi baadaye mzazi anauliza habari za diploma, anaambiwa mtoto hana mafungu. Atayapata wapi, naye hakuwekwa katika masomo yenye mafungu?

Hakuna aliyevunja sheria hapo. Karatasi imetiwa sahihi. Pengine na onyo lilikuwamo, ukurasa wa saba. Lakini mwenye kutia sahihi asichoelewa hakukubali kitu. Sisi tuliotia dole gumba kwenye karatasi tusizoweza kuzisoma tunalijua hilo vizuri.

Watu wengine husema, "Kuna haja gani ya kubishana? Wapeni wote diploma, basi." Wanasema kumnyima kijana mwenye ulemavu wa akili ni kumwadhibu kwa alivyozaliwa. Hoja hiyo ina uzito, na sitaki kuipita haraka. Kijana amekuja shule kila siku, miaka 12. Amejitahidi kuliko aliyezaliwa na akili nyepesi. Kwa nini aondoke mikono mitupu? Nakubali asiondoke mikono mitupu. Apewe hati ya jasho lake, yenye muhuri na heshima. Ila iseme aliyoyafanya.

Tena kuna mtego katika kugawa diploma ovyo. Kwa sheria ya Marekani, kijana mwenye ulemavu ana haki ya elimu ya bure mpaka umri wa miaka 21. Jimbo la Michigan humsomesha hata mpaka miaka 26. Lakini haki hiyo hukoma siku anapopata diploma ya kawaida. Akipewa cheti cha namna nyingine, haki haikomi. Umeona? Shule ikimpa diploma kijana wa miaka 18 ambaye bado hajaweza kupanda basi peke yake, wala kutunza mshahara wake, imeokoa fedha zake na kumfungia mlango. Miaka mitatu ya mafundisho ya kazi imepotea, na kwa nje inaonekana kama zawadi. Ndiyo maana huko Marekani wapo wazazi wanaoikataa diploma ya mtoto wao. Ukisikia mara ya kwanza utadhani wamepungukiwa.

Na ile sherehe je? Huko wanafunzi huvaa joho na kofia ya pembe nne, wanaitwa majina mmoja mmoja, wazazi wanapiga makofi. Kijana anayebaki shule mpaka miaka 21 alikuwa akikosa sherehe hiyo. Wenzake aliosoma nao wanavaa majoho, yeye anaachwa nyumbani. Mwaka 2005 jimbo la Illinois lilitunga sheria kwamba kijana wa namna hiyo, akimaliza miaka minne ya sekondari, ashiriki sherehe pamoja na wenzake na kupewa cheti cha kumaliza miaka hiyo, kisha aendelee na masomo yake. Naipenda sheria hiyo. Haikugusa mizani hata kidogo. Ilitambua tu kwamba mtu anapenda kupigiwa makofi pamoja na rika lake.

Katika mwaka wa masomo 2019-20, kati ya kila wanafunzi 100 wa Marekani walioanza sekondari pamoja, kama 87 walipata diploma kwa wakati. Kwa wenye ulemavu walikuwa kama 71. Nakuomba usizisome tarakimu hizi haraka haraka. Masharti ya majimbo hayafanani, na jimbo lenye masharti mepesi litaonekana hodari. Lakini kumbuka pia kwamba wengi wa wanafunzi hawa hawana ulemavu wa akili. Ni wale wa herufi zinazochanganya, viziwi, wasioona. Kwa wengi wao aljebra iko katika uwezo wao. Pengo la 16 halielezwi kwa ulemavu peke yake.

Machi 2017 mahakama ya juu kabisa ya Marekani iliamua kesi ya mtoto mmoja kutoka Colorado. Majaji wote waliosikiliza kesi hiyo walikubaliana. Walisema haitoshi shule kumpa mtoto mwenye ulemavu manufaa kidogo tu. Mpango wake lazima uwe wa kumwezesha kusonga mbele kwa kadiri ya hali yake. Baada ya hukumu hiyo, shule haiwezi kujitetea kwamba mtoto aliketi vizuri na hakusumbua mtu.

Maoni yangu ni kwamba ugomvi wa hati ungepungua sana kama maneno haya yangesemwa mapema, kwa lugha anayoielewa mzazi. Katika kikao cha kwanza kabisa, kabla ya karatasi yoyote kutiwa sahihi, mzazi aulize: "Njia hii mnayompa mwanangu inaishia kwenye hati gani? Hati hiyo inapokelewa wapi, na wapi haipokelewi? Akibadilika mwaka ujao, anaweza kurudi kwenye njia nyingine, na nani atamfundisha aliyoyakosa?" Na aulize hivyo hivyo kila mwaka, hata kama wanamwona msumbufu. Walimu wakijibu kwamba watalitazama baadaye, basi waandike jibu hilo kwa kalamu, waweke tarehe na sahihi zao, na nakala moja abaki nayo yeye.